Macho ya Watu Ndani ya Kontena la Mtoto

Hotuba kwa mkutano wa wazazi wa madarasa ya awali na ya msingi, Nyakato, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi wote mliofika: wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie lishe katika chakula ambacho watoto wetu wanakibeba kutoka nyumbani ndani ya kontena la chakula, nami nadhani nimepewa mada hii kwa sababu ninafundisha madarasa ya chini, ambako mwalimu hukaa na watoto wakati wa kula, akawafungulia vifuniko vilivyokaza na kuwanawisha mikono kabla na baada. Lishe nitaizungumzia. Lakini kwa ruhusa ya Mwenyekiti nitaanza na jambo ambalo kwa maoni yangu linaitangulia, nalo ni kwamba wazazi wengi waliokaa humu ndani wanajua vizuri sana ni chakula gani kinamjenga mtoto, tena wanacho nyumbani, na bado asubuhi wanaweka kingine kwa sababu wanaogopa kusemwa.

Naomba tulitazame hilo bila kuoneana haya. Chakula kinacholiwa nyumbani huonwa na watu wa nyumbani tu. Chakula kinachobebwa shuleni hufunguliwa mbele ya darasa zima, na mtoto wa miaka sita huona mara moja nani ana nini, akarudi nyumbani na taarifa kamili: fulani alileta soseji, fulani alileta juisi ya boksi, fulani alikuwa na kontena lenye vyumba vitatu na kijiko chake pembeni. Mwalimu naye anaona, na dada wa kazi anayemsindikiza mtoto kwenye basi la shule anaona na kusimulia. Siku hizi yameongezeka makundi ya wazazi kwenye simu, ambamo saa kumi na mbili alfajiri mama mmoja hutuma picha ya chakula alichomfungia mwanawe, mkate umekatwa kwa umbo la nyota na tikitimaji limepangwa kwa rangi, na wenzake wakamjibu kwa pongezi. Simlaumu aliyetuma, kwa sababu amefanya kazi ya mikono yake kwa upendo na ana haki ya kuifurahia. Ila katika watu wote wanaoitazama picha ile, wapo waliokwisha kumfungia mtoto viazi viwili vya kuchemsha, nao wanaamua kimyakimya kwamba kesho watapita dukani.

Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto darasani aliyekuja karibu kila siku na ugali mdogo na dagaa waliokaangwa kwa kitunguu na nyanya. Alikuwa mlaji mzuri. Baada ya muda nikaona amebadili namna yake ya kula: kontena analiweka mapajani chini ya meza, kifuniko anakiinua upande mmoja tu, vidole vinaingia, tonge linatoka, kifuniko kinashuka tena, na macho muda wote yako kwa wenzake. Akawa anarudisha nyumbani zaidi ya nusu. Nilipomwita kando na kumuuliza kama chakula hakimpendezi, alisema kinampendeza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, wanasema ninanuka Mwaloni."

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Mwanza. Dagaa wanaotua Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, wanapakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine na kuvuka mpaka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Katika chumba hiki kuna ada zilizolipwa kwa dagaa, kwa sato na kwa sangara, na kuna nyumba zilizojengwa kwa fedha hizo kuanzia Igombe hadi Sengerema. Mtoto wa mji huu anapofika mahali akaona haya kunuka kitoweo cha mji huu, hilo hakulibuni mwenyewe wala wenzake wa miaka sita hawakulibuni. Wamelisikia mezani kwetu, ndani ya magari yetu, katika maneno tunayoyasema tukidhani hawasikilizi: kwamba dagaa ni chakula cha tulipokwama, na kwamba mtoto anayesoma shule ya kulipia anapaswa kufanana na ada anayolipiwa.

Mama yake alipopata habari alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alianza kumfungia mkate mweupe uliopakwa siagi, soseji mbili zilizokaangwa na boksi la juisi. Mama huyu anauza dagaa kwa debe, kwa hiyo soseji zilitoka katika mtaji wake. Mtoto aliacha kujificha, hilo ni kweli, na sitaki kulidharau, maana mtoto aliyetulia moyoni naye anajifunza. Lakini muda mfupi baada ya kula alikuwa amelala juu ya daftari.

Hapo ndipo lishe inapoingia. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, na ndiyo sababu anampa mtoto madini ya kalsiamu kwa ajili ya mifupa na meno, pamoja na protini na madini ya chuma. Hayo madini ya chuma kwetu hapa yana uzito wa pekee, kwa sababu watoto wa ukanda wa ziwa wanaishi na malaria, kichocho na minyoo ya safura, na yote hayo hupunguza damu. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ambacho watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru huko Misungwi wamekuwa wakikifanyia kazi pamoja na viazi vingine vya Kanda ya Ziwa, kina kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupambana na maradhi, na mwili hukipokea vizuri zaidi kikiliwa na mafuta kidogo, kama yale yaliyomo kwenye karanga. Ongezeni pera au kipande cha chungwa, ambavyo vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokayo kwenye nafaka na kunde. Viazi lishe, dagaa wa kukaanga wakavu, karanga na pera: nikiambiwa niandike chakula bora cha mchana cha mtoto wa darasa la kwanza bila kujali bei, hicho ndicho nitakachoandika, na vyote vinapatikana kwenye genge la kawaida Buzuruga au Igoma. Karanga tu zichambuliwe vizuri, zilizosinyaa na zenye ukungu zitupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki yote kwa kukaanga, na hatujasahau kwamba mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuhusu sukari nitasema machache. Soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anaipata kwa siku. Kwa mtoto mdogo soda moja inakaribia kumaliza kiasi hicho chote. Mtoto apewe maji.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache wanalifikiria, nalo ni muda. Basi la shule linapita Kisesa kabla jua halijachomoza sawasawa, kwa hiyo chakula hupikwa saa kumi na moja alfajiri, na mtoto anakila saa saba mchana. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba, na kinachotunzwa kikiwa moto kibaki juu ya nyuzi joto 60. Sasa tazameni vyakula ambavyo tunaviona vya heshima: wali wa nazi na nyama, chipsi mayai, makaroni yenye nyama ya kusaga. Hivyo ndivyo vinavyoharibika upesi kuliko vyote. Wali hasa una vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vinazaliana na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipashwa moto tena. Anayetaka kumpa mtoto wali anunue hotipoti ya kweli inayotunza joto, aisuuze kwanza kwa maji ya moto, na aweke wali ukiwa unafuka. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga na dagaa waliokaangwa wakakauka haviwi vigumu kutunza kiasi hicho, kwa sababu ni vikavu. Kwa hiyo mzazi anayekimbia kusemwa anaweza kabisa kumfungia mtoto chakula cha gharama kubwa kitakachomuumiza tumbo, akaacha kile kilichokuwa salama zaidi.

Baada ya kusema hayo yote, nina wasiwasi na jambo moja katika hotuba za namna hii, na afadhali nilitaje wazi. Mama anayeogopa kusemwa kwa sababu ya dagaa anaweza kutoka hapa leo akiogopa kusemwa kwa sababu ya soseji. Nimeliona likitokea. Mtaalamu anakuja, anazungumza vizuri, na wiki inayofuata wazazi wanachunguzana upya: nani ameweka biskuti, nani hajaweka tunda, nani hajali afya ya mwanawe. Mama aliyetoka zamu ya usiku hospitali ya Bugando saa moja asubuhi hakuwepo nyumbani kupika, na maandazi mawili na chai ya maziwa ambayo dada alimfungia mtoto siku hiyo havimuui mtu. Sikuja kuwaletea kipimo kipya cha kuwapimia watu.

Nimesema mama, mama, mama, na akina baba wameketi wametulia. Ni kwa sababu lawama ya kontena hulipata jina moja tu. Mtoto akija na chakula kizuri husikii mtu akisema baba yake anajua kulea, na mtoto akija na kontena tupu husikii mtu akiuliza baba yake alikuwa wapi. Mwanamke anaamka saa kumi, anachemsha maji, anaosha sare iliyosahaulika, anapika vitu viwili kwa sababu mtoto mkubwa anaona haya kula cha mdogo, kisha mume akipita jikoni anafunua na kuuliza, "Mbona leo mtoto hajabeba cha maana?" Wapo akina baba wasiofanya hivyo, na wapo ninaowajua wanaofunga chakula wenyewe kila siku, tena vizuri. Ila nasema kwa uchungu kwamba swali hilo la jikoni, likiulizwa na mtu ambaye hakuamka, limewasukuma wanawake wengi dukani kukopa pakiti ya soseji kuliko picha zote za simuni.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Mwalimu anayesema mbele ya darasa, "Hebu wenzenu mtazameni huyu mama yake alivyomwekea," anadhani anahamasisha, kumbe ametoa zawadi moja na fimbo ishirini na tisa. Mwalimu anayeandika kwenye daftari la mawasiliano kwamba "mtoto aletewe chakula kinachofaa", bila kueleza kilichofunguliwa kilikuwa kimeharibika, kilikuwa kidogo au hakikumpendeza mwalimu mwenyewe, anamwacha mzazi akikisia, na mzazi anayekisia daima hukisia kwamba amedharauliwa.

Shinikizo hili si la Mwanza pekee. Japani, ambako watoto wa chekechea wengi hubeba chakula kutoka nyumbani, akina mama wanajulikana kwa kuamka alfajiri kuumba wali kwa sura za wanyama na vikaragosi, na wapo walioandika wazi jinsi kazi hiyo inavyowachosha na jinsi wanavyohisi kwamba ndani ya kisanduku kile kidogo wanapimwa umama wao. Lakini nchi hiyohiyo ina sheria ya chakula cha shule tangu mwaka 1954, na katika shule nyingi za msingi mtoto anakuta chakula kimoja kwa wote, watoto wanapeana zamu za kuvaa aproni na kuwapakulia wenzao, na mwalimu anakula nao palepale darasani. Mahali ambapo sahani zote zina kitu kilekile, hakuna mtoto anayekula chini ya meza.

Sisi wenyewe tunazo njia zetu za namna hiyo. Wazee wa Kisukuma wanasimulia habari za shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na wavulana wa kaya jirani walikusanyika, chakula kikaletwa kutoka majumbani na kuliwa pamoja huku wavulana wakifundishwa. Siamini kwamba siku zile watu hawakupimana. Naamini mke alijulikana kwa ugali wake. Lakini mtoto hakukaa peke yake na chakula cha kwao kama mshtakiwa na kielelezo. Mikono ilikutana kwenye chombo kimoja, na baada ya tonge la tatu hakuna aliyekumbuka ugali umetoka kwa nani.

Naomba pia tukumbuke kwamba shinikizo tunalolizungumza ni la watu wenye cha kuweka ndani ya kontena. Tangu serikali ianze kutekeleza elimumsingi bila ada Januari 2016, chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi, na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa mwaka 2021 umejengwa juu ya wazazi na jamii kuchangia na kukubaliana. Ziko shule za jirani zetu ambako wazazi wamechanga mahindi, maharage na kuni, na watoto wote wanakunywa uji saa nne na kula makande mchana. Ziko nyingine ambako hawajafikia hapo na mtoto anashinda na maji. Wazazi wale wa kuchanga mahindi wamelitatua jambo ambalo sisi, wenye uwezo kuwazidi, hatujaligusa.

Kwa sababu mzazi mmoja peke yake hawezi. Nataka nilisisitize hili kwa kuwa nimewaona wakijaribu. Mama anayeamua kwa busara kumrudishia mwanawe viazi na dagaa, huku wengine wote wakiendelea na yao, anamtuma mtoto kwenda kupigana vita ambayo watu wazima wameikimbia. Mtoto atashindwa, na atamlaumu mama. Jambo hili linawezekana tu darasa zima likikubaliana, na kwa madarasa ya watoto thelathini si kazi kubwa.

Ninachopendekeza, na Mwenyekiti ameniruhusu kukileta kama hoja, ni kwamba kila darasa liwe na ratiba moja ya wiki iliyopangwa na wazazi wenyewe. Jumatatu viazi vya aina yoyote na karanga au mayai. Jumanne vitafunwa vya nyumbani, yaani maandazi, chapati au vitumbua, pamoja na tunda. Siku mbili, Jumatano na Alhamisi, watoto wasibebe kitu kabisa: tukubaliane na mamalishe mmoja, akaguliwe afya yake na jiko lake kama taratibu zinavyotaka, apike hapahapa makande au ugali na dagaa, na kila mzazi atoe kiasi kilekile. Ijumaa kila mtu aweke anachopenda, kwa sababu mtoto naye ana haki ya kufurahishwa, na mama mwenye mkono wa mapambo asinyimwe siku yake. Ratiba hii inaweza kubadilishwa yote; nimeitaja ili tuwe na mahali pa kuanzia. Lazima wazazi watuambie mapema mtoto ambaye mwili wake unakataa karanga, samaki au mayai, na darasa lenye mtoto wa namna hiyo lipange ratiba kwa kumfuata yeye.

Mengine hayahitaji fedha. Picha za vyakula vya watoto zisitumwe katika kundi la darasa. Walimu tusitaje chakula cha mtoto kwa sauti, kwa kusifu wala kwa kukosoa. Mwenye la kusema ampigie mzazi simu na aseme kitu mahususi. Watoto wakae kwa duara wakati wa kula na si kila mmoja kwenye dawati lake, na mwalimu akae nao akila chakula chake mwenyewe. Katika darasa langu tumelianza hili la mwisho muhula huu. Jambo nililoliona, na nalisema kama nilivyoliona bila kulipamba, ni kwamba siku niliyokuja na dagaa wangu waliokaangwa kwa limau, watoto wanne walinyoosha mikono kuomba, mmoja wao akiwa ni yule ambaye siku zote huletewa chipsi. Nikawapa.

Daftari la kujiandikisha kwa kamati ya ratiba liko mezani kwa mwalimu wa darasa la kwanza, pale karibu na mlango, na tunahitaji wazazi wanne kwa kila darasa. Ninaomba wawili kati ya hao wanne wawe akina baba, na kila baba aandike jina lake na namba yake mwenyewe, asiandike za mkewe. Kikao cha kwanza ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, hapahapa. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, ninakurudishia mkutano kwa ajili ya maswali.